Tabarnak na ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matusi ya Quebec

Mgeni anayehamia Quebec kutoka kwetu, awe wa Goma, Bujumbura au Moshi, hufika siku akauliza maswali haya. Nimeulizwa kazini, nimeulizwa harusini, nimeulizwa hata kwenye foleni ya mashine za kufulia. Nimeona niyajibu kwa pamoja. Maneno yenyewe nimeyaandika kama yalivyo, kwa hiyo kama unasomea karibu na paroko wako, geuza simu kidogo.

Hizo sakre ni nini hasa?

Ni matusi ambayo watu wa Quebec, jimbo la Kanada linalosema Kifaransa, wameyatoa altareni. Mtu wa huko akijigonga kidole kwa nyundo hataji mama wa mtu wala maungo ya mtu. Anataja kasha la kuhifadhia Ekaristi. Neno moja la namna hiyo wenyewe huliita sacre, na kitenzi chake ni sacrer. Hapa nitaandika sakre, umoja na wingi.

Kitenzi hicho kina mchezo ndani yake. Kwa Kifaransa cha vitabuni, sacrer ni kuweka wakfu, kupaka mafuta matakatifu. Wafalme wa Ufaransa walikuwa wakifanyiwa hivyo katika kanisa kuu la Reims. Quebec kitenzi hichohicho ni kutukana, tena ni kutupa kitu kwa hasira, tena ni kuondoka bila kuaga.

Ni maneno gani, na kanisani yana maana gani?

Aliyekulia Ukatoliki atayatambua yote bila kamusi. Tabarnak ni tabernakulo, lile kasha lenyewe. Câlisse ni kalisi, kikombe cha divai. Ostie, ambayo wengine hutamka esti na wenye haraka hubakiza 'stie tu, ni hostia, mkate wa komunyo. Ciboire ni siborio, chombo chenye kifuniko kinachotunza hostia zilizobaki. Crisse ni Kristo mwenyewe. Sacrament ni sakramenti, calvaire ni Kalvari, viarge ni Bikira, baptême ni ubatizo. Kuna hata simonaque, ambalo chimbuko lake ni simonia, ile dhambi ya kununua na kuuza vitu vitakatifu.

Uzito haulingani. Tabarnak liko kileleni. Ukilisikia sauti ikiwa imevutwa, sogea kando. Câlisse na crisse zinafuata. Ostie husemwa mara nyingi mno hadi kwa baadhi ya watu limekuwa kama "yaani" letu, linaziba tu pengo kati ya neno na neno. Maudit, yaani "aliyelaaniwa", limechoka kabisa. Hata bibi mwenye rozari mkononi atalisema kuhusu hali ya hewa.

Mimi nilikuwa mtumishi wa altare tangu darasa la nne. Kazi yangu ya kwanza Montreal ilikuwa kuosha vyombo jikoni. Wiki ya kwanza mpishi akaangusha sufuria nzima ya mchuzi wa nyama, ukamwagika hadi mlangoni. Alisimama akautazama, kisha akataja vitu sita kimoja baada ya kingine, taratibu, kwa sauti ya chini. Nilidhani anakumbuka orodha ya vifaa vya sakristia. Karibu niitikie.

Kwa nini altare, na si chumbani kama kwingine kote?

Kwa sababu tusi huenda kuchukua nguvu pale nguvu ilipowekwa. Lugha nyingi zimeweka mwiko wake mzito kwenye mwili na kwenye mama, basi na tusi zito linatoka hukohuko. Quebec ya karne ya 19 mwili nao ulikuwa mwiko, lakini juu ya mwili palikuwa na padre, na juu ya padre palikuwa na lile kasha lenye taa nyekundu inayowaka usiku na mchana. Mtoto alifundishwa kupiga goti mbele yake kabla hajajua kusoma. Hostia haikuguswa kwa mkono wa mlei; ilipokelewa kwa ulimi. Ukitafuta kitu cha kuvunja ili jirani zako wote washtuke kwa pamoja, hicho hapo.

Tazama pia kwamba sakre nyingi hazitaji jina la Mungu. Amri inakataza kulitaja bure jina la Bwana Mungu wako. Haisemi lolote kuhusu kikombe. Mwenye hasira akapata njia ya kuizunguka amri na bado akaumiza kama aliyeivunja. Ni ujanja wa mtu aliyeshika katekisimu yake vizuri. Asiyeijua asingeweza kuupata.

Kanisa lilikuwa na nguvu kiasi gani hadi watu walipize kwa mdomo?

Hapa nitakaa kidogo, maana bila jambo hili mengine yote ni kichekesho tu.

Mji wa Quebec ulianzishwa na Wafaransa mwaka 1608. Waingereza wakaiteka koloni katika vita vya 1759 na 1760, na mkataba wa 1763 ukaikabidhi rasmi. Wafaransa wapatao 70,000 walibaki chini ya mfalme Mprotestanti. Maofisa na wafanyabiashara wengi walirudi Ulaya, mapadre wakabaki. Sheria ya Quebec ya mwaka 1774 iliwaruhusu Wakatoliki kufuata dini yao na ikaliachia Kanisa haki ya kudai zaka, ambayo tangu zamani ilikuwa sehemu moja ya 26 ya nafaka. Zaka hiyo ilidaiwa kisheria. Usipolipa, unashtakiwa.

Kisha wakaja wazalendo wa 1837 na 1838, wakapigana na serikali ya Waingereza, wakashindwa. Wanasiasa wenye kuthubutu wakanyongwa au wakakimbilia uhamishoni, na nafasi yao ikashikwa na maaskofu. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata Kanisa liliendesha shule, hospitali, nyumba za yatima na rejesta za kuzaliwa na kufa. Mark Twain alipofika Montreal mwaka 1881 aliwaambia wenyeji wake kwamba hajawahi kuona mji ambao huwezi kurusha tofali bila kuvunja dirisha la kanisa.

Chukua mfano wa Joseph Guibord. Alikuwa mpiga chapa Montreal, mtu wa kawaida, mwanachama wa chama cha wasomi kilichokuwa na maktaba. Ndani ya maktaba hiyo mlikuwa na vitabu vilivyopigwa marufuku na Roma, na Askofu Ignace Bourget alikuwa amewawekea wanachama adhabu za kikanisa. Guibord akafa Novemba 1869. Kanisa likakataa asizikwe kwenye ardhi iliyobarikiwa. Mjane wake, Henriette Brown, akaenda mahakamani. Kesi ikapanda hadi London, mjane akafa kabla haijaisha, na mwaka 1874 hukumu ikatoka kwamba Guibord azikwe katika ardhi hiyo. Maiti muda wote huo ilikuwa imehifadhiwa kwenye makaburi ya Waprotestanti. Septemba 1875 jeneza likapelekwa kwenye makaburi ya Côte-des-Neiges, umati ukafunga lango na kulirudisha kwa mawe. Novemba likarudi tena, safari hii likisindikizwa na askari zaidi ya elfu moja. Likashushwa kaburini alimolala mkewe, likamwagiwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chuma ili lisifukuliwe. Askofu Bourget naye akatangaza kwamba kipande hicho cha ardhi kimetengwa na makaburi matakatifu.

Miaka sita, kesi hadi London, jeshi na saruji, ili mpiga chapa mmoja alale. Unayeishi naye akiwa na nguvu hizo, hasira yako itajifunza kusema lugha yake.

Na ndani ya nyumba ilikuwa hivyohivyo. Padre alipita kila mwaka kutembelea familia. Mama aliyekaa mwaka mmoja au miwili bila mimba aliulizwa kwa nini, na akikiri kwamba amejizuia angeweza kunyimwa maondoleo ya dhambi. Wanawake wa Quebec walipata kura katika uchaguzi wa jimbo mwaka 1940 tu, wa mwisho Kanada nzima miongoni mwa majimbo ya wakati huo, na uongozi wa Kanisa ulikuwa umepinga.

Nani walianza kusema hivi?

Kutukana kwa mambo matakatifu kulikuja na meli kutoka Ufaransa. Mwaka 1666 Mfalme Louis XIV alitoa tamko dhidi ya wanaokufuru: faini kwanza, halafu kufungwa hadharani, mkaidi akichomwa midomo na mwisho kukatwa ulimi. Lakini sakre kama tunavyozisikia leo, zile za vyombo vya altare, zilishamiri karne ya 19, na wengi huzihusisha na kambi za wakata miti.

Wakulima wengi hawakuwa na kazi majira ya baridi. Walikwenda msituni kuanzia vuli hadi barafu ivunjike, kwenye bonde la mto Ottawa na la mto Saint-Maurice, wanaume pekee, wamelala kwenye kibanda kimoja cha magogo. Mke hayupo, mtoto hayupo, padre hupita mara chache. Farasi amekwama, gogo limeteleza, mguu umepondeka. Hapo ndipo mtu alipotoa kila alichobeba kutoka parokiani kwake. Aliyejua kusuka sakre ndefu bila kurudia neno aliheshimiwa kama mpiga hadithi.

Msitu huohuo una ngano yake maarufu, ya mtumbwi unaoruka. Wakata miti wanataka kuwaona wachumba wao mkesha wa mwaka mpya. Wanapatana na shetani: atawabeba juu ya miti kwa mtumbwi, ila njiani wasitaje jina la Mungu wala wasiguse msalaba wa mnara wa kanisa. Wakienda, salama. Wakirudi, nahodha amelewa, na kimbembe kinaanza. Fikiria mwenyewe: shetani, katika masharti yote ya dunia, aliona sharti gumu kuliko yote kwa mkata miti wa Quebec ni kufunga mdomo.

Je, si kufuru? Kanisa linasemaje?

Mapadre walihubiri dhidi ya sakre kizazi baada ya kizazi. Vyama vya wanaume viliundwa, wanachama wakila yamini kwamba hawatalitumia ovyo Jina Takatifu. Kiteolojia, kukufuru kwa maana kamili ni kumtusi Mungu kwa makusudi. Anayepiga kelele "câlisse!" kwa sababu kahawa imemuunguza hamlengi Mungu, anakosa heshima kwa kitu kitakatifu. Bado ni kosa, lakini si lilelile.

Kanisa lilijibu kwa ucheshi mwaka 2006. Jimbo Kuu la Montreal liliweka mabango makubwa mjini yenye maneno haya, moja moja, na chini yake maana ya kanisani kama inavyoandikwa kwenye kamusi. Tabernakulo ni nini, kalisi ni nini. Madereva walisimama kwenye taa nyekundu wakisoma maana ya neno walilokuwa wametoka kumrushia dereva wa mbele. Mimi nadhani ni mahubiri bora kuliko mengi niliyoyasikia ya dakika arobaini.

Kwa upande wa dola, sheria ya jinai ya Kanada ilikuwa na kifungu dhidi ya maandishi ya kufuru hadi kilipofutwa mwaka 2018. Huko Montreal kilitumika mwaka 1935 kumtia hatiani Victor Rahard, mchungaji wa Kianglikana, kwa mabango ya kulishambulia Kanisa Katoliki. Si kwa sakre. Wangeanza kuwashtaki wa sakre, magereza yasingetosha.

Mbona wanasema "tabarnak", si "tabernacle"?

Matamshi ya zamani tu. Wafaransa waliokuja karne ya 17 wengi walitamka "ar" pale ambapo Paris baadaye ilitamka "er", ndiyo maana vierge ikawa viarge. Halafu konsonanti mbili zikikutana mwisho wa neno, ulimi wa Quebec huiacha ya pili: table husikika "tab", na tabernacle ikabaki tabarnak. Faida yake ni kwamba sasa kuna maneno mawili. Le tabernacle ni la padre. Tabarnak ni la fundi magari. Mtu mmoja anaweza kuyatumia yote mawili siku moja bila kuyachanganya.

Yanatumikaje kwenye sentensi?

Hapa ndipo pa kuvua kofia. Sakre zina sarufi yake, tena nzuri.

Kwanza, huunganishwa kwa "de", ambayo hufanya kazi kama kiunganishi chetu cha -a. Januari moja gari la jirani yangu lilikwama kwenye theluji mbele ya nyumba. Alikanyaga mafuta, tairi likazunguka bure, akasema "ostie". Akakanyaga tena: "ostie de câlisse". Mara ya tatu tairi likachimba zaidi: "ostie de câlisse de tabarnak!" Kwa Kiswahili ni kama hostia ya kalisi ya tabernakulo. Kila tairi lilivyozama, mnyororo ulirefuka, na mahadhi yake yalikuwa sawasawa kama ya litania. Nilishuka na koleo, tukachimba dakika ishirini. Gari lilipotoka alinishika bega akasema "t'es fin en crisse", yaani wewe ni mwema sana. Kristo yuleyule, dakika moja baadaye, amekuwa kipimo cha wema.

Maana hiyo ndiyo kazi ya pili: kukuza sifa, nzuri au mbaya. Golikipa hodari wa hoki ni un ostie de bon gardien. Chakula kitamu ni bon en crisse. Na il est en tabarnak, neno kwa neno "yumo tabernakuloni", maana yake amefura kwa hasira. Mkatoliki wa kwetu akisikia kwamba fulani yumo tabernakuloni atapiga goti.

Tatu, zinageuka vitenzi. Crisser na câlisser ni kutupa, kutwanga, kubwaga. Je l'ai crissé aux vidanges: nimekitupa jalalani. Elle l'a crissé là: amemwacha, mapenzi yameisha. Décrisse! ni toka hapa. Je m'en câlisse ni hainihusu ndewe wala sikio. Vinanyambulika kwa nyakati zote, na watoto huvinyambua bila kosa kabla hawajaweza kunyambua vya shuleni.

Na watu wa heshima husema nini?

Wanalipinda neno kabla halijafika mwisho. Tabarnak linakuwa tabarnouche au tabarouette. Câlisse linakuwa câline, na wenye ucheshi huongeza câline de bine. Maudit linakuwa mautadit. Viwembe hivi butu ndivyo utakavyovisikia kwa walimu na kwa mama mbele ya watoto.

Ni mbinu ya kale. Wafaransa wa zamani waliificha Dieu, Mungu, ndani ya bleu, rangi ya buluu, wakapata sacrebleu, morbleu, parbleu. Mfalme Henri IV, inasimuliwa, alizoea kusema jarnidieu, "namkana Mungu". Padre Coton, Mjesuiti aliyemuungamisha, akamsihi kama ni lazima akane mtu amkane yeye Coton. Ndiyo asili ya jarnicoton. Na kabla hujacheka, sikiliza vijana wa Dar wakiapa "haki ya nani". Nani huyo ni nani?

Makanisa ni matupu siku hizi. Mbona maneno hayafi?

Waziri mkuu wa jimbo, Maurice Duplessis, rafiki mkubwa wa maaskofu, alifariki Septemba 1959. Juni 1960 waliberali wa Jean Lesage wakashinda, na yakaanza mageuzi ambayo wenyewe huyaita Mapinduzi ya Kimya. Serikali ikachukua hospitali na shule. Wizara ya elimu iliundwa 1964. Masista na mapadre wakavua kanzu kwa maelfu. Kizazi kimoja tu, na mkoa uliokuwa ukijaza misa ukawa miongoni mwa mikoa inayosali kidogo kuliko yote Amerika Kaskazini. Tangu 2008 hata shule za serikali hazifundishi tena dini ya Kikatoliki kama somo. Msalaba uliotundikwa bungeni mwaka 1936 ulishushwa Julai 2019.

Sakre zikabaki. Ungetegemea zipoe, kwa sababu nani ataogopa kikombe asichokijua? Zimepoa kiasi, kweli: jukwaani, kwenye filamu, katika tamthilia zinasemwa wazi, na miaka ya 1960 na 1970 wasanii walizibeba kama bendera ya lugha ya watu wa kawaida. Ila zimepata mzizi mwingine. Leo hii tabarnak linamwambia msikilizaji kwamba msemaji ni wa hapa, si Mfaransa wa Paris wala Mkanada wa Toronto. Nimefanya kazi na vijana wasiojua siborio ni kitu gani, ambao wangekasirika ukiwaambia wabadilishe neno. Kwa maoni yangu ni kama makanisa yenyewe ya Montreal: mengine yamegeuzwa nyumba za kupanga na kumbi za michezo, lakini mnara haushushwi.

Wafaransa na Wakanada wengine huwaelewa?

Wafaransa hulijua neno, hulipenda, na huliharibu. Husema "tabernacle" na silabi zake zote, na Mkwebeki hupumua tu. Kwao hasira hupita kwenye danguro na chooni: putain, merde. Wasemaji Kifaransa wa Ontario hutumia sakre kama majirani zao. Waakadia, wasemaji Kifaransa wa New Brunswick na Nova Scotia wenye historia yao, huzitumia kwa uchache zaidi.

Na lile neno la Kiingereza linaloanza na F?

Quebec ni jepesi. Mwaka 2017 Baraza la Viwango vya Utangazaji la Kanada liliamua kwamba kwenye redio ya Kifaransa neno hilo halina uzito lilio nalo kwa Kiingereza, kwa sababu limeshaingia katika mazungumzo ya kila siku. Limefika bila dhambi, basi halina meno.

Kweli Mexico wanaitwa kwa tusi lao?

Kweli. Watalii wa Quebec hukimbilia fukwe za Mexico kila majira ya baridi, na wenyeji wamewabandika jina los tabarnacos. Ni jambo la haki: unaitwa kwa unachokisema zaidi.

Kiswahili hakina kitu kama hiki?

Tuna nusu yake. Kwetu dini imeingia kwenye kuapa, si kwenye kutukana. Wallahi, haki ya Mungu, Mungu mmoja: unamwita shahidi ili uaminiwe. Mshtuko nao una yake, astaghfirullahi kwa huyu, Yesu na Maria kwa yule. Lakini ukitaka kumuumiza mtu unaiacha dini mlangoni na kwenda kwenye matusi ya nguoni, na kwa mama yake. Mtu wa Mwanza akimwita mwenzake "kalisi wewe", ataulizwa kama ana homa.

Jambo hili hunifikirisha, maana Ukatoliki tuliletewa na watu walewale. Wamisionari wengi wa Quebec walikuja maziwa makuu. John Forbes, aliyezaliwa karibu na Montreal, alikuwa askofu mwandamizi Uganda tangu 1917. Padre Georges-Henri Lévesque, Mdominikani ambaye wengi humtaja kati ya baba wa Mapinduzi ya Kimya, alikwenda Butare na kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mwaka 1963. Walileta tabernakulo bila tabarnak. Nadhani ni kwa sababu kwetu Kanisa halikuwahi kuwa peke yake: palikuwa na msikiti upande wa pili wa barabara, na mizimu ya babu nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeshika funguo zote.

Mimi ni mgeni. Nizitumie?

Zielewe zote, usitumie hata moja kwa mwaka wa kwanza. Zina kipimo cha sauti ambacho hakifundishiki: silabi ikivutwa kidogo zaidi, utani umekuwa ugomvi. Usiseme mbele ya wazee usiowajua, usiseme kwenye usaili wa kazi, na usimwambie polisi kabisa. Anza na tabarnouche. Watacheka, na utakuwa umeingia ukumbini.

Mwanangu amerudi nalo kutoka shuleni. Nifanyeje?

Wangu alirudi nalo akiwa na miaka sita. Nilimkalisha, nikamweleza tabernakulo ni nini, akanitazama kama ninayebuni. Mwaka uliofuata nilimpeleka kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista, bibi wa makamo wa hukohuko Montreal, aliwasimamisha watoto mbele ya altare, akaelekeza kidole kwenye kasha la dhahabu na kusema polepole, kwa Kifaransa kisafi: "Hii ndiyo tabernacle." Watoto kumi na wawili waliangua kicheko, wengine wakaziba midomo, mmoja akakaa chini kabisa. Bibi hakukemea. Alisubiri wakamaliza, akakunja mikono, akasema, "Vizuri. Sasa tuje kwenye kalisi."